Mwacheni Fundi Aifungue Ndege



Wapendwa wasomaji, katika tafakari yetu ya juma hili napenda tuzungumze juu ya jambo ambalo kwa mtazamo wa kwanza laweza kuonekana kuwa ni la mafundi peke yao, nalo ni kazi ya kuvua paneli za ndani ya ndege ndogo ili mifupa yake ikaguliwe. Wengi wetu twazifahamu ndege hizi. Ndizo zimpelekazo daktari mahali ambapo barabara haipitiki wakati wa masika, zimchukuazo mgonjwa mahututi kutoka kijijini, na ziwapelekazo watalii mbugani na abiria visiwani. Na wengi wetu tumezisikia lawama zinazotolewa pale ndege ya namna hiyo inapokaa katika karakana majuma mawili au matatu ilhali, machoni pa anayelalamika, haina ubaya wowote. Injini yawaka, matairi yana upepo, rangi yang'aa. Basi fundi anafanya nini humo ndani siku zote hizo?

Niseme tangu mwanzo ninaloliamini. Ukaguzi ambao sheria inautaka ufanyike kwa kufungua, hapana budi ufanyike kwa kufungua kweli; na wajibu huo si wa fundi peke yake. Ni wa mwenye ndege anayelipa, ni wa meneja anayepanga safari, na ni wa sisi abiria tunaosubiri. Fundi anayeharakishwa hukagua kile kinachoonekana tu, na katika ndege ndogo sehemu zenye kubeba uzito mkubwa kuliko zote ndizo zisizoonekana.

Tutazame kwanza jinsi ndege yenyewe ilivyoundwa. Unapoketi ndani yake unaona kuta za plastiki, dari ya kitambaa, zulia na viti. Hayo yote ni mavazi tu. Nyuma ya mavazi hayo ndiko kulikojificha mifupa: mbavu na mihimili ya alumini, viungio vya mabawa, nyaya za umeme, na kebo za chuma zinazotoka kwenye usukani hadi mkiani na mabawani. Katikati ya ukuta wa plastiki na bati la nje mara nyingi hutiwa sponji au pamba ya kupunguza kelele na baridi. Paneli hazibebi chochote, lakini huficha vyote.

Kwa mfano ulio dhahiri, tuchukue ndege iitwayo Cessna 210, ndege ya injini moja iliyoundwa Marekani tangu mwaka 1957 hadi mwaka 1986, zaidi ya ndege 9,000. Hapa Afrika ndege hizo zimewabeba watalii wengi, hasa katika Botswana na Namibia. Aina nyingine ambayo wengi wetu tumeiona ikitua kwenye viwanja vya nyasi, yaani Cessna 206, ina nguzo ya mshazari inayotoka ubavuni mwa ndege hadi katikati ya bawa na kulishikilia. Lakini Cessna 210, kuanzia zile za mwaka 1967, haina nguzo hiyo. Mabawa yake yote mawili yameshikwa na boriti moja ya alumini iliyofuliwa, ipitayo darini juu ya kichwa cha rubani kutoka upande mmoja hadi wa pili. Abiria aweza kusafiri humo miaka ishirini pasipo kujua kwamba uhai wake unaning'inia kwenye boriti iliyo juu ya kitambaa cha dari.

Tarehe 26 Mei 2019, karibu na mji wa Mount Isa katika jimbo la Queensland, Australia, ndege moja ya aina hiyo ilikuwa ikifanya kazi ya upimaji wa ardhi kutoka angani. Bawa lake liling'oka ikiwa hewani, na watu wawili waliokuwemo wote walifariki. Wachunguzi wa ajali wa Australia walipoichunguza boriti ile walikuta imekatika kwa ufa wa uchovu wa metali, na ufa huo ulikuwa umeanzia kwenye kishimo kidogo cha kutu. Ndege ilikuwa imekwisha kuruka zaidi ya saa 12,000, na kazi ya upimaji huilazimu ndege kuruka chini chini, mahali ambapo hewa huitikisa mno.

Pengine yafaa nieleze uchovu wa metali ni kitu gani, maana neno laweza kudanganya. Chukua waya mwembamba, uukunje mara moja: haukatiki. Ukunje na kuunyosha mara nyingi mahali pale pale: utakatika mikononi mwako pasipo kutumia nguvu yoyote kubwa. Ndivyo ilivyo kwa bawa. Kila safari, kila msukosuko wa hewa, kila kutua huikunja boriti kidogo sana na kuiachia. Mahali penye mkwaruzo, tundu la bolti au kishimo cha kutu ndipo ufa unapopenda kuzaliwa. Mwanzoni huwa mfupi kuliko ukucha wa mtoto mchanga, nao hukua polepole kwa miaka. Mwishoni hukua upesi, na siku ya kukatika hautoi taarifa.

Mwezi Februari 2020, mamlaka ya usafiri wa anga ya Marekani, FAA, ilitoa agizo la lazima kwa ndege za Cessna 210 za matoleo yanayohusika. Boriti ile ikaguliwe kwa macho, kisha ipimwe kwa kifaa cha umeme kinachogundua nyufa. Kutu ikionekana iondolewe na boriti itibiwe. Ipakwe rangi na dawa ya kuzuia kutu. Na matokeo ya ukaguzi yaripotiwe. Maneno haya ni machache katika karatasi, lakini katika karakana maana yake ni kazi ya siku nyingi, kwa sababu kabla ya kuigusa boriti ni lazima dari ishushwe.

Nasi Afrika Mashariki twahusikaje na ufa uliotokea Australia katika ndege iliyoundwa Marekani? Twahusika kwa njia ya Mkataba wa Chicago wa mwaka 1944, unaoziunganisha nchi karibu zote za dunia katika mambo ya anga. Kwa utaratibu wake, nchi iliyobuni ndege ina wajibu wa kuzijulisha nchi nyingine ambako ndege hizo zimesajiliwa juu ya hatari iliyogunduliwa na hatua zinazotakiwa. Nazo mamlaka za nchi hizo, kama vile mamlaka za usafiri wa anga za Tanzania na Kenya, zina wajibu wa kuhakikisha kwamba hatua zinachukuliwa. Kwa hiyo ajali ya watu wawili katika nchi ya mbali yaweza kuwa sababu ya fundi wa Nairobi au Arusha kushusha dari ya ndege. Kwangu mimi huu ni utaratibu wa kushukuriwa, kwani vifo vya watu hao havikupita bure.

Sasa tumtazame fundi mwenyewe kazini. Kwanza huvitoa viti. Huinua zulia, ambalo mara nyingi limegundishwa kwa gundi. Hufungua skrubu za paneli za ukutani moja baada ya nyingine, na katika ndege ya miaka arobaini plastiki imekauka kwa jua hata hupasuka ikivutwa vibaya. Hushusha dari taratibu, pamoja na taa na matundu ya hewa yaliyofungwa humo. Huondoa sponji, na hapo ndipo pengine hukutana na jambo la kwanza la kumshtua, maana sponji hunyonya unyevu na kuushikilia dhidi ya alumini mwaka baada ya mwaka. Kwa ndege zinazolala Mombasa, Zanzibar au Mafia, unyevu huo una chumvi ya bahari ndani yake. Kutu ya alumini haina wekundu kama ya chuma. Ni unga mweupe na malengelenge chini ya rangi, wala asiyeifahamu hawezi kuitambua.

Baada ya hapo husafisha, kwa sababu ufa hauonekani chini ya vumbi na gundi. Kisha hutazama kwa tochi na kioo kidogo chenye mpini, na pale ambapo macho hayafiki hutumia kamera nyembamba kama waya. Mwisho huja mpimaji mwenye kifaa cha umeme. Kifaa hicho kina koili ndogo inayosukuma mikondo ya umeme ndani ya metali. Mikondo ikikutana na ufa hupotoka, na mshale au mstari kwenye kioo cha kifaa huonyesha kupotoka huko. Kazi hii ya kupima yaweza kwisha kwa saa chache. Kilichokula siku nyingi ni kufungua, kusafisha na kurudisha. Mwenye ndege asiyelijua hili huona ankara na kusema ameibiwa, eti kwa kutazama tu!

Sheria ya Marekani inayohusu ukaguzi wa kila mwaka na ule wa kila saa 100 inaanza kwa namna inayofundisha sana. Kabla ya kutaja kitu chochote cha kutazamwa, inamwamuru mkaguzi afungue au aondoe vifuniko vyote vinavyohitajika na kuisafisha ndege kikamilifu. Watunga sheria walijua udhaifu wa binadamu: tukiruhusiwa kuanza kwa kutazama, tutayatazama yale yaliyo wazi na kusema yatosha.

Lakini je, ni kweli kwamba asiyefungua huwa hana dalili yoyote ya kumwonya? Si mara zote. Tarehe 19 Desemba 2005, ndege ya Chalk's Ocean Airways, iliyoundwa mwaka 1947 na yenye uwezo wa kutua majini, iliruka kutoka Miami kwenda Bimini katika Bahamas. Bawa la kulia likakatika, na watu 20 waliokuwemo wote wakafariki. Uchunguzi ulionyesha nyufa za uchovu katika bawa hilo, na kwamba kabla ya ajali kulikuwa na uvujaji wa mafuta uliojirudia. Uvujaji ule ulikuwa ni sauti ya bawa lenyewe likilalamika. Ulizibwa kwa gundi ya kuzibia, na chini ya gundi ufa ukaendelea na safari yake. Hapa twaona kwamba waweza kukitengeneza kinachoonekana mara nyingi na bado ukaacha kisababishi palepale kilipo.

Aidha kuna nyufa ambazo hata macho mazuri hayazioni. Tarehe 4 Aprili 2018, huko Daytona Beach, Florida, ndege ya mafunzo aina ya Piper PA-28R-201 ilipoteza bawa la kushoto muda mfupi baada ya kugusa njia na kupaa tena. Mwanafunzi na mtahini wake walifariki. Ndege hiyo haikuwa kuukuu. Ilikuwa ya mwaka 2007, lakini ilikuwa imetumika kwa saa zaidi ya 7,000 katika mafunzo, pamoja na kutua kwingi kunakoambatana na kazi hiyo. Ufa ulikuwa kwenye tundu la bolti, ndani ya kiungio, mahali ambapo anayepita na tochi asingeuona. Ndiyo maana agizo lililofuata likataka bolti zitolewe na matundu yake yapimwe kwa umeme. Natoa mfano huu ili mtu asiseme kwamba ndege yake ni changa au kwamba fundi wake ana macho makali.

Wapendwa, haki yatudai tuwasikilize pia wenye maoni tofauti. Wapo wataalamu wanaoheshimika, mmojawapo akiwa Mmarekani Mike Busch, ambao kwa miaka mingi wameonya kwamba matengenezo yenyewe yaweza kuleta ubovu. Kila paneli inapofunguliwa, kuna nafasi ya kukosea. Skrubu ndefu ikirudishwa mahali pa fupi yaweza kutoboa waya. Bisibisi iliyosahauliwa chini ya sakafu yaweza kukwamisha kebo ya usukani. Kiungio cha umeme kilichoachanishwa chaweza kurudishwa nusu. Kwa hoja hiyo wanasema tusiifungue ndege pasipo sababu, bali tuiguse kadiri inavyohitajika na si zaidi.

Hoja hii ni nzito, nami naikubali sehemu yake kubwa. Kufungua kila kitu kila mara kwa mazoea tu si uangalifu. Hata hivyo, wapo wanaoichukua hoja hii na kuitumia kwa jambo lisilolengwa, yaani kuukwepa ukaguzi uliowekwa kwa sababu inayojulikana, mahali panapojulikana, baada ya watu kufa. Boriti ya Mount Isa haikuwa dhana ya mtu aliyeketi ofisini. Pale ambapo sababu ipo, hatari ya kufungua yaweza kupunguzwa kwa nidhamu: picha kabla ya kuvua, skrubu za kila paneli katika mfuko wake wenye jina, zana kuhesabiwa kabla na baada, na mtu wa pili kuzikagua kebo za usukani kabla ya kufunika. Hatari ya kutofungua haina nidhamu ya kuipunguza. Inabaki vile vile, ikikua.

Linalonihuzunisha zaidi ni shinikizo linalowekwa juu ya fundi. Ndege ndogo nyingi ni mali ya kampuni ndogo, ya hospitali au ya shirika la huduma, na kila siku inapokaa chini kuna safari iliyofutwa. Simu inapigwa asubuhi: je, imekwisha? Inapigwa tena jioni. Anayepiga hasemi neno lolote baya. Hamwambii fundi adanganye. Anauliza tu, na anauliza tena. Ni katika hali hiyo ndipo mtu mwaminifu huanza kujiambia kwamba upande wa kulia ulikuwa safi, basi na wa kushoto bila shaka ni safi. Kisha anaandika katika kitabu cha ndege kwamba ukaguzi umefanyika na kutia sahihi. Sahihi ile ni ushuhuda kwa rubani ambaye hatavua dari mwenyewe, kwa mama mjamzito anayelazwa kwenye machela, na kwa muuguzi aliye pembeni yake. Wote watategemea maandishi ya mtu mmoja.

Kwa hiyo napendekeza mambo matatu, nayo yote yako ndani ya uwezo wetu.

La kwanza, wenye ndege na kamati zinazoziendesha waweke fungu la fedha la ukaguzi wa mifupa peke yake, mbali na lile la mafuta na injini, tena waliweke tangu siku ndege inaponunuliwa. Ndege kuukuu huwa rahisi kununua kwa sababu gharama yake kubwa imesubiri mbele. Harambee ya kununua ndege isiyokuwa na mpango wa kuifungua ni harambee iliyoishia katikati.

La pili, anayelipa aombe kuonyeshwa. Sisemi aombe kwa sababu anamshuku fundi, bali kwa sababu kazi nzuri yastahili kuonekana. Ripoti itaje ni paneli zipi zilivuliwa, ni sehemu zipi zilifikiwa, ni zipi hazikufikiwa na kwa nini, pamoja na picha za boriti kabla na baada ya kusafishwa. Bora zaidi ni kwenda karakanani wakati ndege iko uchi. Mwenye ndege aliyeiona mara moja boriti ile kwa macho yake hatapiga simu mara mbili kwa siku tena, na ankara ataielewa.

La tatu, tusipange safari kwa tarehe ambayo ukaguzi unatarajiwa kwisha. Ukaguzi wa kweli una haki ya kuleta habari mbaya. Kama tarehe ya safari imekwisha kutangazwa, wagonjwa wamekwisha kuitwa na wageni wamekwisha kulipa, tumeifunga habari hiyo mlango kabla haijafika. Tutafute mapema ndege nyingine au njia nyingine, na fundi ajue kwamba akisema "kuna ufa" hataonekana kuwa adui wa kazi yetu.

Na kwetu sisi abiria, wajibu wetu ni mdogo lakini upo. Tunapoambiwa kwamba ndege imezuiwa kwa ukaguzi, tusiseme ya kwamba mbona jana iliruka vizuri. Ndege ya Mount Isa nayo ilikuwa ikiruka kabla ya siku ile. Kuruka vizuri jana huthibitisha tu kwamba ufa, kama upo, jana haukuwa umefika mwisho.

Wapo kati yenu vijana mnaosomea ufundi, na wapo wazazi wanaowalipia ada. Kazi ya kuvua paneli na kuzirudisha haina sifa mbele ya watu. Ikifanyika vizuri hakuna abiria atakayejua kwamba ilifanyika, maana dari itarudi juu, zulia litatandikwa, na ndege itafanana na ilivyokuwa. Mfahamu lakini kwamba juu ya kitambaa kile kutakuwa na boriti iliyotazamwa, iliyopimwa na kupakwa dawa, na kwamba mtu mmoja anaweza kulala usingizi kwa sababu anajua alichokiona. Tumheshimu mtu huyo, tumlipe inavyostahili, na tumpe muda wake.

Nawatakieni nyote juma jema na lenye baraka.

Paroko wenu.